Maji ya Moto kwa Mama Mkwe

Vijana wa karakana, siku mliyoniaga mlinipa daftari kubwa na kalamu tatu, mkasema, "Mzee, tuandikie." Najua mlichotaka. Mlitaka niandike jinsi ya kufunga pampu ya kisima cha pili bila kuponda kidole. Hilo nimewaonyesha mara kumi na bado mnaifunga kinyume, kwa hiyo karatasi haitawasaidia. Nitaandika habari ya kazi niliyoifanya nyumbani kwangu Kibaoni, hapa Ifakara, miaka ya tisini, kwa vifaa vilivyokwisha kutupwa. Hakuna aliyeiandika kwenye kitabu cha kazi, lakini ndiyo iliyonifundisha kuliko zote.

Nianze mbali kidogo. Niliingia kazi ya bomba pale hospitali ya misheni nikiwa sijui hata koki inafungwa upande gani. Siku ya kwanza Mzee Mponda, aliyekuwa fundi wetu mkuu, alinipa fungu la katani na kopo la rangi, akaniambia nizungushe katani kwenye nyuzi za bomba ili maji yasivuje. Nikazungusha kinyume. Tulipofungua maji nililowa mpaka soksi. Hakunigombeza. Alijifuta uso kwa kofia yake, akasema, "Haya, umebatizwa. Rudia."

Mzee Mponda hakuwa mtu wa maneno mengi. Kuna wakati maji ya chumba cha kufulia yalikuwa yanakatika kila saa nne asubuhi, wiki nzima. Nikafumua valvu tatu, nikabadilisha washa zote za mpira, wapi! Mzee akaja, akapindua ndoo, akaikalia, akawa anatazama watu wanaopita. Mabomba hakuyaangalia hata kidogo. Saa nne kamili mpishi akatoka jikoni, akafungua mpira wa maji, akaanza kuwajazia bata wake dimbwi. Mzee akainuka, akarudisha ndoo mahali pake. "Bomba halina tabia," akaniambia. "Watu ndio wenye tabia. Kitu kikikushinda, weka spana chini, tazama nani anapita." Nilicheka sana siku hiyo, halafu nikasahau. Ningekumbuka mapema, haya ninayoyasimulia yasingenikuta.

Sasa niwajulishe mama mkwe wangu. Mke wangu Skola ni mtu wa upande wa Mahenge, ng'ambo ya mto, na mama yake alikuwa akiishi huko. Kwetu sisi, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakuwa watu wa kuzoeana. Hamli pamoja, hamtazamani usoni, na neno la kuambiana mnalipitisha kwa mtu mwingine. Akiwa uani, mimi niko barazani. Akitokea barazani, mimi ghafla nimekumbuka shughuli mjini. Siku hizi mnapiga picha mmewakumbatia mama wakwe zenu mabegani. Haya, kila zama na kitabu chake. Mimi nilikuwa na miaka saba ya ndoa na yule mama hajanisemesha hata neno moja, na hiyo ilikuwa ni heshima kubwa.

Mtoto wetu wa kwanza, Agata, alizaliwa huko kwa bibi yake, kama desturi ilivyotaka. Ilikuwa masika. Mto ukajaa, kivuko kikasimama, barabara ikawa tope tupu. Nilipata habari kwamba nimekuwa baba kutoka kwa dereva wa lori, tena aliyesikia kwa mwingine, na akanipongeza kwa kupata mtoto wa kiume! Nilipofika hatimaye, Agata alikuwa na miezi miwili na ushee. Nikamnyanyua. Akanitazama vizuri, akapiga ukelele kama ameona mamba. Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini iliniuma. Nikaapa moyoni kwamba wa pili nitakuwepo, iwe isiwe.

Skola alipokuwa mjamzito mara ya pili, tukahesabu miezi tukaona atajifungua wakati wa kipupwe, mpunga ukishavunwa. Nikamsihi ajifungulie Ifakara, hospitali iko karibu, na mimi sina likizo. Akamwandikia mama yake. Jibu likaja, Skola akanisomea: "Mwambie mume wako nitakuja mimi huko. Lakini mzazi anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, siku arobaini, na mgongo wangu haubebi tena kuni. Mkaa unanipa kichwa. Nikikuta maji ya moto yapo, nakaa. Nikikuta hayapo, navuka na mwanangu."

"Sasa?" Skola akaniuliza.

"Mwandikie maji yapo," nikasema.

"Yako wapi?"

"Mwandikie tu."

Kuna mtu atauliza, Ifakara na joto lile, maji ya moto ya nini? Huyo hajawahi kuoga maji ya kisima alfajiri ya mwezi wa saba, wala hana mama mkwe.

Nilichokuwa nacho kichwani ni hiki. Huko Kiberege kulikuwa na nyumba ya masista ambayo tulikuwa tukiihudumia, na nyuma yake kulikuwa kumetupwa mtambo wa kupashia maji moto kwa jua. Walikuwa wameletewa mpya, wa zamani ukawekwa chini ya mwembe. Ni sanduku bapa la bati, refu kama mlango. Ndani yake mna mabomba ya shaba yaliyopakwa rangi nyeusi, na juu yake limefunikwa kioo. Jua linapiga kioo, mabomba yanapata moto, na maji yaliyomo nayo. Basi, hakuna siri nyingine. Nilipomwomba sista mkuu, akacheka. "Chukua, fundi. Ila subiri kuku amalize kuatamia." Maana upande mmoja kioo kilikuwa kimepasuka, na kuku alikuwa amejifanyia wodi yake humo ndani.

Vifaranga walipototolewa nikaenda kulichukua. Nikapata nafasi kwenye lori la magunia, nikakaa juu nimelikumbatia sanduku langu, na kila kijiji watu wananiuliza ni jeneza la nani. Nilipofika Kibaoni nikaanza kazi. Mabomba yalikuwa na matundu mawili, nikayalehemu. Nikatoa mijusi minne iliyokauka. Kioo kilichopasuka nikakibadilisha kwa kioo cha dirisha. Rangi nyeusi ilikuwa imebambuka, nikapaka upya mpaka mikono yangu ikawa haina tofauti na sufuria.

Tenki lake la kutunzia maji ya moto lilikuwa limeoza kabisa, kwa hiyo nikatengeneza langu. Nilichukua pipa dogo nikaliweka ndani ya pipa kubwa, na nafasi ya katikati nikaishindilia pumba za mpunga, ili maji yakipata joto mchana yasipoe mpaka alfajiri. Pumba nilizipata bure kwa Saidi, rafiki yangu, mwenye mashine ya kukoboa mpunga hapo hapo Kibaoni. Akanisaidia kushindilia, na muda wote alikuwa ananicheka. "Baba Agata, watu wanawapelekea wakwe zao kitenge. Wewe unampa pipa la pumba!"

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo ufundi ulipo. Maji ya moto hupanda yenyewe na ya baridi hushuka, hivyo tenki lazima liwe juu na sanduku liwe chini. Paa langu lilikuwa la mabati mepesi, lisingebeba kitu. Nikasimamisha nguzo nne za mtiki uani, nikaweka tenki juu yake. Sanduku nikaliweka chini, juu ya matofali, kimo cha kiuno, limelala kwa mteremko mdogo tu, kwa sababu jua letu linapita karibu na utosi. Lilipendeza. Ungedhani ni meza. Kumbukeni neno hilo.

Nikajaribu siku tatu. Siku ya tatu nikafungua koki jioni, nikaunguza kidole. Jamani, nilivyofurahi kuungua! Nikamwita Skola, nikamwita na jirani, nikatoa hotuba fupi kuhusu jua. Sikumweleza mtu hata mmoja jinsi mtambo unavyofanya kazi. Niliona fundi kazi yake ni kufunga, kueleza ni kazi ya walimu.

Mama mkwe akafika wiki tatu kabla ya siku za Skola. Akashuka na kikapu, kuku wawili na mkeka wake. Mimi nikapita nyuma ya nyumba kwa heshima zote. Akaonyeshwa pipa na koki. Akatazama, akamwambia Skola, nami nasikia upande wa pili wa ukuta, "Haya. Tutaona."

Jioni ya kwanza maji yalikuwa ya uvuguvugu. Nikasema moyoni, labda leo yametumika mapema. Jioni ya pili hivyo hivyo. Ya tatu yakawa baridi kuliko ya kisimani. Jua lilikuwa linawaka siku nzima, anga halina hata wingu! Nikafungua mabomba nikatoa hewa. Nikasafisha valvu. Nikafumua maungio yote nikafunga upya na katani mpya. Kila nikirudi kazini jioni nakikagua kioo, nakikuta safi, kinang'aa, kimefutwa vizuri. Nikajua ni mama mkwe, nikamshukuru kimoyomoyo.

Mama mkwe naye alikuwa na kero yake. Yule mama hakuwa mtu wa kukaa bure. Tulikuwa na magunia ya mpunga wa shambani kwetu, yeye akajichukulia kazi ya kuukausha, kisha anapeleka debe moja moja kwa Saidi kukobolewa. Mchele ukarudi chenga tupu, hakuna punje nzima. Akawa analalamika mpaka nasikia barazani: "Huyo mwenye mashine ameniona mgeni! Mchele gani huu? Huu ni wa kuku!"

Wiki ya pili ikaisha hivyo. Jumatano, Skola akaniletea ujumbe, uso ameuinamisha. "Mama anasema anasubiri mpaka Jumapili baada ya misa. Kama maji ni haya haya, Jumatatu tunavuka."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nitasema nini, Baba Agata? Ni mama yangu. Na kuni nani ataleta?"

Sikula chakula siku hiyo. Nilikuwa namwona yule mtoto wa pili, ambaye hata hajazaliwa, akinipigia ukelele.

Alhamisi mchana kazini nikahitaji spana yangu ndogo, nikakumbuka nimeiacha nyumbani. Nikapanda baiskeli. Nilikuwa sijawahi kurudi nyumbani saa saba mchana tangu mama mkwe aje, na hata yeye hakunitazamia. Nikaingia uani nikipiga mluzi. Ghafla nikasikia, "Yesu wangu!" na khanga ikapita mbio kuelekea jikoni. Mimi nami nikatupa baiskeli nikajificha nyuma ya migomba. Heshima kwanza.

Nikiwa pale nyuma ya mgomba, nikaangalia sanduku langu. Kioo sikukiona. Nilichoona ni mkeka, umetandikwa vizuri pembe hadi pembe, na juu yake mpunga, umesambazwa sawasawa kwa kiganja. Pembeni kulikuwa na fimbo ya kufukuzia kuku.

Mzee Mponda alikuwa amekwisha kufariki wakati huo, lakini nilimsikia kabisa, juu ya ndoo yake: tazama nani anapita. Kila asubuhi nikishaondoka, mama anaanika mpunga wake. Kila jioni kabla sijarudi anauanua, anafuta kioo, anaondoka uani ili tusikutane. Sanduku langu lilikuwa linalala usingizi mchana kutwa chini ya mkeka.

Nikamwita Skola chumbani, nikamweleza. Akaanza kucheka, akashika tumbo, akaketi kitandani. "Usinichekeshe, nitazaa sasa hivi!"

"Kwani wewe hukujua mpunga unaanikwa pale?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulipoweka, hukuniambia kioo ndicho jiko. Mimi nilidhani pipa ndilo linalopigwa na jua, na hiyo ni meza tu. Mama alipouliza, nikamwambia fundi amekutengenezea na meza ya kuanikia, kuku hawafiki. Alifurahi sana!"

Kosa lilikuwa langu, tena la kijinga.

Skola akainuka. "Ngoja nikamwambie."

"Usithubutu!" Nilimshika mkono. Nilimjua mama yake. Akiambiwa kwamba yeye, mgeni nyumbani kwa mkwe, ndiye aliyeharibu kazi ya mkwe wake wiki mbili nzima, asingengoja Jumapili. Angefungasha siku hiyo hiyo kwa aibu, na binti angekwenda naye.

Nikarudi kwenye baiskeli, nikapitia kwa Saidi. Kabla sijafungua mdomo akanirukia. "Baba Agata, afadhali umekuja! Mwambie bibi huko kwako ule mpunga hauanikwi, unakaangwa! Unakauka mpaka punje inapasuka, ukiingia kwenye mashine inabaki chenga. Halafu natukanwa mimi!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Jua lote la mabomba yangu lilikuwa linaishia kwenye mpunga wa watu, na chini yake hakuna ardhi ya kuupoza, ni kioo na bati tupu. Mimi nalalamika valvu, mama analalamika mashine, kumbe ugonjwa mmoja.

Nikamwambia Saidi yote. Akacheka mpaka akazima mashine. Halafu nikamwomba. "Kesho akija na debe, mwambie wewe. Mwambie habari ya mpunga tu. Mtambo usiutaje."

"Niachie mimi," akasema.

Ijumaa jioni Skola akaniletea habari. Mama alikwenda mashineni, Saidi akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, akampa kigoda, akamweleza kwamba mpunga wa bondeni hautaki haraka, uanikwe chini kwenye turubai, ugeuzwegeuzwe, usikae juu ya kitu cha moto. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Jumamosi asubuhi, nikiwa nafunga viatu barazani, nikasikia turubai likitandazwa upande wa pili wa ua. Nikafanya ishara ya msalaba.

Lakini Jumamosi kukawa na ukungu mpaka saa tano. Nilikuwa kazini naangalia juu kuliko ninavyoangalia mabomba, mpaka nikagonga kichwa. Mchana jua likatoka, likaenda, likatoka tena. Jioni maji yalikuwa ya moto kiasi, si ya kujivunia. Jumapili kukapambazuka kweupe. Misa ilikuwa ndefu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliomba mahubiri yaongezwe, jua lipate muda.

Tulirudi saa saba. Mimi nikakaa barazani, nyuma ya ukuta. Nikasikia ndoo ikiwekwa chini. Nikasikia koki inafunguliwa. Mama mkwe alikuwa na kipimo chake cha kupima maji ya mzazi: hatumii kidole, anachovya kiwiko. Halafu:

"Mama yangu wee! Skola! Mwambie mume wako apunguze moto!"

Skola akasema, "Mama, huo moto ni jua."

"Basi alipunguze!"

Sikuweza kujizuia. Nilicheka kwa sauti hapo barazani, peke yangu, kama kichaa. Jumatatu hakuna aliyevuka.

Siku tisa baadaye nilikuwa kwenye chumba cha pampu, mikono imejaa grisi, nesi akaja akasimama mlangoni. "Fundi, weka spana chini. Nawa mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni. Mke wako anakungoja." Nikanawa mara tatu. Mtoto wa kike, Felista, alikuwa hajamaliza hata saa moja duniani nilipopewa mikononi. Nikajiandaa kwa ukelele. Akafumbua jicho moja, akanitazama, akapiga mwayo, akalala. Nililia mbele ya manesi, na sijutii.

Siku zote arobaini mama mkwe alimkanda mwanawe, alfajiri na jioni, pasipo moshi wala kuni. Manesi walikuwa wakikataza maji ya kuchemka kwa mzazi. Haya ya jua yanauma lakini hayachemki, kwa hiyo manesi waliridhika na mama naye aliridhika, jambo ambalo si la kawaida. Siku mbili tatu za mawingu nilichemsha kwa mkaa mwenyewe, nje, kabla ya kwenda kazini.

Siku ya kuondoka kwake, gari lilikuwa linamsubiri barabarani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, Felista mikononi, na kwa sababu ya mtoto sikuweza kukimbilia migombani. Mama akaja moja kwa moja, kikapu kichwani, nikainamisha macho. Akasimama mbele yangu. Akambusu mjukuu wake kwenye paji la uso. Nikangoja amwite Skola apitishe ujumbe, kama siku zote.

"Baba Agata," akasema.

Miaka saba. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Siku nyingine nikianika mpunga juu ya kazi yako, usimtume mwenye mashine. Yule hawezi kuficha kitu, alikuwa anacheka huku anaongea. Niambie mwenyewe. Mdomo unao."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akatengeneza kikapu chake kichwani. "Na mwakani uje unifungie mtambo wa kwangu. Ila unielezee kwanza."